Maelezo ya Toleo 4.7

Saint John's, Newfoundland. Machi. Theluji imefunika magari
kama shuka juu ya viti vya nyumba iliyohamwa.
Mimi na Garland Tizzard tumekesha ofisini
tukimtibu Hamali.

Hamali ni programu yetu. Kazi yake kubeba:
barua pepe za miaka kumi na tisa, kalenda, majina na anwani,
aviteremshe kutoka seva kuukuu inayokoroma chini ya ngazi
avipandishe kule kupya, kunakolipiwa kila mwezi.
Mzigo haumjui mwenyewe. Hamali naye hasomi.

Kosa la kwanza lilikuwa la saa.
Halifax ikigonga saa tatu kamili
sisi huku ni saa tatu na nusu, na chai imeshapoa.
Bara hutucheka. Tumezoea.
Hamali, mtu wa namba nzima,
aliikata ile nusu akaitupa njiani,
na daktari wa meno kule Carbonear
akavaa glavu, akawasha taa,
akainamia kiti kitupu.
Imerekebishwa. Nusu sasa inabebwa, tena kichwani.

La pili, viambatisho vizito.
Alikuwa akivibwaga kimya kimya
kisha akirudi na risiti: vyote vimefika.
Tumemfundisha kusema "nimeshindwa".
Mistari mia mbili ya msimbo kwa neno moja.
"Baba yangu," Garland akasema, "alikufa hajalijua."

La tatu halikuwa kosa. Tulijisifia nalo
katika 4.6, kwa herufi nene: *Hamali sasa anafuta nakala.*

Ndipo akapiga simu Ignatia Careen, wa Placentia,
mhasibu wa duka la mafuta ya kupashia nyumba.
Hakufoka. Angefoka ningejua pa kushika.
"Palikuwa na Alhamisi mbili," alisema,
"saa kumi jioni, *chai kwa Phonse*.
Moja yangu, moja ya Leo. Leo naiona moja."

(Leo ni mumewe. Ilinichukua muda kuelewa.)

Nikamjibu kwa sauti ya kitabu cha mwongozo:
maneno yale yale, saa ile ile, mahali pale pale,
mama, hiyo ndiyo nakala.

Kimya. Nikasikia gogo likipasuka jikoni kwake.

"Mwanangu, hatukunakiliana.
Kila mmoja aliandika kwake, asimwambie mwenzake,
kwa hofu kwamba mwenzake atasahau.
Ya kwake nimeiona baada ya mazishi."

Tukafukua kumbukumbu za mfumo, sekunde kwa sekunde.
Hamali huacha iliyotangulia, hufuta iliyofuata.
Ya Leo ilitangulia kwa dakika nne.
Basi iliyopotea haikuwa ya marehemu,
ilikuwa yake Ignatia, aliye hai, anayenisikiliza.
Nikamwambia. Akacheka kicheko kikavu:
"Ndiyo zake. Kila mahali alitangulia."
Kisha, baada ya kupenga kamasi:
"Lakini na yangu naitaka."

Tukaipata kwenye seva kuukuu, chini ya ngazi,
saa nane za usiku, vidole vimekufa ganzi.
Marudio: kila Alhamisi.
Mwisho: hakuna.
Nikaipandisha kwa mkono. Sikumwamini Hamali.

Kwa hiyo, katika 4.7, vinavyofanana
havifutwi tena. Hamali anasimama, anauliza.
Anauliza nini? Hapo ndipo tulipokwama.
Tumeliandika swali mara kumi na moja.
La Garland lilikuwa refu, lina neno "rekodi" mara tatu.
Langu: *Hawa ni mmoja, au wawili?*
"Watu hawataelewa," akasema, akalifuta.
Nikalirudisha alipokwenda kupara theluji kwenye kioo cha gari.

Toleo linatoka leo, saa tatu asubuhi.
Na nusu.